Sura ya Saba: Waliozunguka Nguzo

Inspekta Teresiah Ndete aliigeuza picha juu chini, akaikodolea macho, kisha akairudisha ilivyokuwa. Haikusaidia. Banda lilibaki banda, na maiti ilibaki maiti.

Ilikuwa picha nzuri, na hilo lilimuudhi. Nguzo nane za zege zimesimama kwa duara bila ukuta hata mmoja. Juu yake paa la vigae lenye pembe nane limeinuka polepole hadi kwenye ncha, kama kofia ya mtu anayejiheshimu. Jua la alasiri limeingia ubavuni na kulala juu ya sakafu nyekundu iliyong'arishwa na nyayo za watu. Viti vya plastiki vimepangwa, vyote vitupu. Chini ya nguzo ya tatu, kwenye benchi la zege, Mzee Luseno, mlinzi wa banda la mtaa wa Korongo, ameegemea nyuma, kofia imemshukia usoni, mikono iko mapajani. Kando yake kuna kikombe cha chai na chupa ya chai iliyovishwa kitambaa cha maua.

Hakuna mtu mwingine.

Daktari alikuwa amesema mzee alipigwa kisogoni kwa kitu butu, wakati fulani kati ya adhuhuri na magharibi. Kamera ilionyesha kwamba picha ilipigwa alasiri. Mwenye kamera, kijana aitwaye Sylvance Odongo, alikubali kwamba ni yeye aliyeipiga. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la mauaji.

"Nionyeshe kesi rahisi kuliko hii," mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Ndete. "Wawili waliingia bandani. Mmoja ametoka na picha ya mwingine."

Ndete aliagiza Sylvance aletwe.

Kijana alikaa mbele yake na pingu mikononi, shati limechanika kwapani. Konstebo aliyemleta alisimama mlangoni, akichokoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Tuanze upya," Ndete alisema. "Ulikuwa na nani pale bandani?"

"Afande, kulikuwa na watu kama sitini."

"Wako wapi?"

"Wako kwa hiyo picha."

Konstebo aliacha meno yake. "Huyu ameanza kuona mashetani."

"Wako hapo," Sylvance alirudia. "Ni vile tu hawaonekani."

Ndete aliisukuma picha katikati ya meza. "Nionyeshe mmoja."

"Siwezi, Afande. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa. Hiyo kamera mmeifungia kwenye bahasha ya khaki. Ilete nje. Nipe askari wa kutembea."

"Akili yake imeshafuliwa na kuanikwa," konstebo alisema.

"Ilete," Ndete alimwambia.

Nyuma ya kituo, Sylvance aliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Alifunguliwa pingu mkono mmoja. Mwingine ulifungwa kwenye bomba la maji. Kwa ule mkono mmoja alitoa kioo cha duara, cheusi kama lami, akakifunga mbele ya lenzi.

"Hiki kinazuia mwanga," alisema. "Unaingia kwa kudondoka, kama maji ya mfereji wetu. Kwa hivyo kamera inalazimika kukaa imefumbua jicho dakika kadhaa. Kitu kikitulia, kinaandikwa. Kikipita tu, hakipati muda wa kuandikwa."

Ndete aliwaamuru askari waliokuwa zamu wazunguke mlingoti wa bendera. Walizunguka wakicheka, mmoja akiimba wimbo wa gwaride. Yule konstebo aliambiwa akae kwenye kiti kandokando ya mlingoti na asitikisike.

"Hata nzi akija, Afande?"

"Hata nzi."

Sylvance alifungua jicho la kamera. Walizunguka mpaka wakachoka kucheka. Kisha akalifunga, na Ndete akainama juu ya kioo kidogo cha nyuma.

Ua ulikuwa mtupu. Mlingoti upo, bendera imegeuka moshi mwekundu na kijani, gari la kituo lipo na pancha yake. Askari hawapo hata mmoja. Chini tu, karibu na ardhi, kulikuwa na utando hafifu, kama vumbi lisilotaka kutua.

Na kwenye kiti alikaa konstebo. Alionekana, lakini si vizuri. Uso wake ulikuwa umevurugika. Vifungo vya kifuani vilikuwa vimeyeyuka kila kimoja ndani ya kingine.

"Ulitikisika," Ndete alimwambia.

"Haki ya Mungu, Afande, sikutikisika! Nilikuwa napumua tu."

Ndete alinyanyua kichwa. Alitoa ile picha ya banda kutoka kwenye jalada, akaisogeza machoni. Kifuani mwa Mzee Luseno palikuwa na sweta ya kufumwa kwa mkono. Kila uzi ulihesabika. Palikuwa na mahali paliporukwa fundo kifuani upande wa kushoto, na hata lile fundo lilikuwa wazi kama limechongwa.

"Huyu hakuwa amelala," alisema.

Wale askari walikuja kuchungulia, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyechungulia alirudi nyuma.

Sylvance aliketi chini, mkono ukining'inia kutoka kwenye bomba. "Nilidhani amelala, Afande. Nilishukuru hata. Nilisema, afadhali huyu mzee ametulia, hataniharibia picha."

Ndete alichuchumaa mbele yake. "Viti ni vitupu. Kama watu walikuwepo, wengine wangekaa. Wangeonekana kama huyu konstebo, wamevurugika. Kwa nini hakuna aliyekaa?"

"Kwa sababu nilingojea kuzunguka."

"Kuzunguka nini?"

"Wewe si wa Korongo." Alijifuta pua kwa bega. "Kwetu mtu akifa, jeneza linatoka mochari linaenda moja kwa moja nyumbani, Siaya, Vihiga, popote. Mtaani halifiki. Kwa hivyo mtaa unamuaga bandani. Mwisho wa matanga watu wote wanasimama, wanazunguka zile nguzo nane wakiimba. Kila mwenye miguu. Anayebaki ameketi ni mgonjwa ama mlevi. Siku hiyo tulikuwa tunamuaga Mama Phelister, yule wa mboga. Nilijua wakianza kuzunguka, viti vitakuwa vitupu na wote watakuwa wanatembea. Hapo ndipo nikafungua."

"Na Mzee Luseno huwa anafanya nini?"

"Yeye ndiye hutangulia, na kengele yake. Siku hiyo hakuinuka. Watu walisema msiba umemlemea, aachwe. Korongo hatumwamshi mtu aliyelemewa na msiba. Ni kumkosea."

"Ukaona vema kuwafuta wote sitini."

"Nimepiga picha mabanda yote ya mitaa ya zamani yaliyosalia, Afande. Hakuna anayejenga hivyo tena. Halina ukuta, kwa hivyo huwezi kumfungia mtu nje. Hapo watu wa Halimo, jirani yetu Mwislamu, wamefunga nikaha, hapo sisi tumelia, hapo nilibatizwa mvua ikinyesha. Niliwapelekea kamati ya majengo ya kale picha za kwanza, wakaniambia watu wanaziba nguzo. Walitaka jengo lenyewe. Nikasema sawa, nitawapa jengo lenyewe, ili lisivunjwe."

Ndete alimfungua kutoka kwenye bomba. "Nitatafuta mmoja wao," alisema. "Mmoja tu anatosha."

*

Korongo ilikuwa na safu za nyumba za mawe, milango ya buluu iliyofifia, na mfereji mmoja kwa kila safu. Nyuma yake maghorofa ya mtaa wa Kware yalikuwa yamesogea karibu, kamba zao za nguo zikining'inia juu ya mtaa kama watu waliokuja kuangalia ugomvi.

Ndete alibisha.

"Matanga gani? Siku hiyo nilikuwa mtaa wa Umoja kwa dadangu."

Mlango wa pili. "Mimi nilikuwa Tassia, naangalia nyumba ya kukodi."

Mlango wa tatu ulifunguliwa na mama mmoja aliyekuwa bado na utepe mweusi wa matanga umebanwa kwa pini kwenye leso yake. Ndete aliuangalia utepe. Mama aliufunika kwa kiganja.

"Banda lilifungwa, mwanangu. Kulikuwa na amri kwamba litavunjwa, mtu asikanyage. Nani angeingia?"

"Mama, kuna kijana atafungwa maisha."

"Sylvance nilimkata kucha akiwa mtoto," mama alisema. "Lakini nyumba mpya zikiisha kujengwa, wanaogawiwa ni watiifu. Tumeambiwa hivyo. Aliyevunja amri ya banda amejitoa mwenyewe. Nina wajukuu wanne humu ndani."

"Nani aliwaambia?"

Mlango ulifungwa taratibu, bila hasira, jinsi mtu anavyofunika sahani.

Aliyewaambia, Ndete alimkuta bandani. Gichuru, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alikuwa akimwelekeza dereva wa tingatinga mahali pa kuegesha. Alivaa koti la suti na viatu vilivyopigwa rangi mpaka vikaakisi paa. Kamba ya amri ilikuwa imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo.

"Inspekta! Karibu. Bado unasumbuliwa na yule mtoto?"

"Lini linaanguka?"

"Kesho. Tumengoja polisi wamalize. Mkuu wako amesema mmemaliza."

Ndete alipita chini ya kamba, akakaa kwenye benchi, mahali pale pale. Zege lilikuwa na baridi. "Siku ile ulikuja hapa?"

"Sikukanyaga. Hakuna aliyekanyaga. Ni huyo kijana na mzee tu."

"Nasikia mzee ndiye alifungua kamba asubuhi ili watu walie. Nasikia mligombana."

"Unasikia kutoka kwa nani? Lete huyo mtu aseme mbele yangu."

Ndete alitoa nakala ya picha aliyokuwa ameikata makusudi kabla ya kutoka kituoni: kofia, uso na mabega tu. "Unamtambua?"

Gichuru alitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mzee wa watu. Hata chai yake hajagusa."

Tingatinga lilikohoa, likazimika.

"Chai ipi, Mwenyekiti?" Ndete aliuliza polepole. "Hapa kuna mabega tu. Kikombe umekiona wapi?"

Gichuru hakushtuka. Alirudisha picha kwa vidole viwili, kisha akatabasamu kama mwalimu anayemsamehe mwanafunzi. "Kwa mkuu wako. Alinionyesha picha nzima juzi tukinywa supu. Muulize."

Ndete alipiga simu pale pale. Mkuu wa kituo alikiri bila kusita. Ndiyo, alimwonyesha, mwenyekiti ni mshirika wa usalama mtaani, kuna tatizo gani? Ndete alikata simu. Gichuru alikuwa amesharudi kwa dereva, akimwonyesha nguzo ya kuanzia.

*

Ilibaki chupa ya chai.

Mwanzoni Ndete alidhani ni ya mzee mwenyewe. Alikwenda kwa binti wa mzee, Clare, aliyeishi chumba cha nyuma na bado hakuwa ametandua kitanda cha baba yake.

"Baba hakuwa na chupa," Clare alisema. "Alikunywa kwa kila nyumba kama paka. Lakini hicho kitambaa cha maua nakijua. Ni cha Mama Zakariye. Halimo. Anavalisha vyombo vyake vyote kama wasichana siku ya Idi."

Halimo alikuwa amepanga chumba safu ya mwisho. Alimkaribisha Ndete ndani kabla hata ya kuuliza ni nani, akamwekea mto wa kuketi. Chupa ilikuwa juu ya kabati, na kitambaa chake. Kwenye ukingo wa kitambaa ua moja lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti. Ndete alilifananisha na lile la kwenye picha. Lilikuwa ndilo.

"Umekuja kwa sababu ya Mzee Luseno," Halimo alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi sizunguki nguzo. Dini yangu hainipeleki huko. Lakini Mama Phelister aliniuzia mboga kwa imani miaka yote, nami nilichukua chai nikaenda. Wao wakizunguka, mimi namimina." Alizungumza akiangalia mikono yake. "Nilimwona mzee ameketi. Nikamgusa bega, nikamwambia, mzee, chai. Kimya. Nikamimina, nikaweka karibu na mkono. Nikamwongezea sukari, kwa sababu anapenda. Nikaiacha chupa pale pale, niende kukusanya vikombe vya wengine." Aliinua macho. "Nilimmiminia chai maiti, Inspekta. Kila nikifunga macho namwona, na chai inapoa."

"Kulikuwa na mtu karibu naye?"

"Mwenyekiti. Alisimama nyuma ya nguzo, anaenda, anarudi. Nilitaka kumtikisa mzee kwa nguvu, yeye ndiye akasema, mwache alale, amechoka. Baada ya watu kutawanyika nilichukua chupa yangu. Kikombe nilikiacha."

Ndete aliweka kalamu chini. "Mama Zakariye, maneno hayo ukiyasema kesho mahakamani, yule kijana hasomewi shtaka. Na mimi najua mlango wa kwenda kubisha."

Halimo alitoka, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na risiti ya maombi ya kitambulisho, imezeeka hadi maandishi yamegeuka rangi ya chai.

"Nimezaliwa Nairobi. Watoto wangu wamezaliwa Nairobi. Kila nikienda naambiwa nilete babu. Babu nitamtoa wapi?" Alikunja ile karatasi. "Nikipanda pale kuapa, wataniuliza kitambulisho kabla ya kuniuliza nilichoona. Na Mwenyekiti anajua sina. Alishanikumbusha."

Ndete alifungua kinywa ili amwahidi kitu. Alitafuta ahadi ambayo mkuu wa kituo asingeweza kuivunja kwa simu moja. Hakuipata.

"Nitakuja asubuhi nikuchukue mwenyewe," alisema mwisho. "Utakaa nami. Hakuna atakayekugusa nikiwepo."

"Na usipokuwepo?"

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Halimo alimsindikiza hadi mlangoni. "Njoo," alisema. "Nitaomba dua usiku. Wewe njoo tu."

*

Asubuhi mlango wa Halimo ulikuwa na kufuli.

Jirani alitoa kichwa dirishani. "Wametoka kabla ya adhana. Yeye na watoto, na magodoro. Mwenyekiti alipita hapa jana jioni kumsalimia. Wewe ndiye polisi mwanamke?"

"Ni mimi."

"Basi ngoja." Jirani alitoweka, akarudi na chupa ya chai iliyovaa kitambaa cha maua. "Alisema umpelekee kijana. Alisema ina sukari."

Kutoka upande wa bandani ulisikika mlio wa tingatinga, halafu vigae vikiporomoka, vingi kwa pamoja. Ndete hakwenda kuangalia. Aliipakata chupa hadi mahakamani.

Mkuu wa kituo alimkuta kwenye korido. Alimsikiliza hadi mwisho, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angemkatiza. Alisikiliza habari za kioo cheusi, uzi wa sweta, kikombe, na mwanamke aliyemimina.

"Nakuamini," alisema. "Kweli nakuamini. Shahidi yuko wapi?"

Ndete aliinua chupa.

"Chupa haiapi, Teresiah."

"Atapatikana. Nipe siku chache."

"Utamtafuta wapi mtu ambaye serikali yenyewe haijamwandika?" Alimpiga begani kidogo, akaingia.

Kwenye seli ya chini Sylvance alikitambua kitambaa kabla ya kuuliza chochote. Ndete alimimina. Kijana alishika kikombe kwa mikono miwili yenye pingu, akanusa iliki.

"Amekuja?"

"Hapana."

Alikunywa. "Na banda?"

Ndete alifunga mfuniko wa chupa, akaufunga zaidi ya ulivyohitaji kufungwa. Sylvance alirudisha kikombe kikiwa bado na nusu.

Jina lake lilipoitwa, Ndete alipanda ngazi nyuma yake, akaingia ukumbini, akasimama ghafla.

Korongo ilikuwa imekuja. Walijaa mabenchi yote ya nyuma: yule aliyekuwa Umoja kwa dadake, yule aliyekuwa Tassia, yule mama wa wajukuu wanne, wanawake wa kwaya na leso zao, Clare na kofia ya baba yake mapajani. Mbele yao, kwenye benchi la kwanza, Gichuru amekunja nne, kiatu kinameta. Sylvance aligeuka akawaona. Mdomo wake ulianza kutabasamu, kama mtu aliyelakiwa na ndugu zake stesheni.

Shtaka lilisomwa. Picha ilipelekwa mbele. Jaji aliiangalia kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na taa, akaiweka chini.

"Naona watu wawili hapa," alisema. "Aliyekufa, na aliyeshika kamera. Inspekta, faili yako inataja umati. Una shahidi yeyote aliyekuwa katika umati huo?"

Ndete aliweka chupa ya chai sakafuni, kando ya mguu wake. Aligeuka akayatazama mabenchi, uso baada ya uso, kutoka upande wa mlango hadi upande wa dirisha. Aliwangoja. Jaji naye aliwangoja. Yule mama wa wajukuu wanne alikuwa analia bila kusogeza shingo.

Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyekohoa. Walikaa tuli, mikono mapajani, kila mmoja akionekana mpaka uzi wa nguo yake. Asubuhi hiyo, kamera yoyote ingewapata wote.